Akiba Zizini, Akiba Sandukuni: Maafa Yanavyobadili Namna Kaya Zinavyojiwekea

Sehemu kubwa ya akiba ya kaya za Afrika Mashariki haimo kwenye vitabu vya benki. Imo zizini kama ng'ombe na mbuzi, ghalani kama magunia ya mahindi, uani kama matofali yanayosubiri saruji na bati, kwenye sanduku la kikundi, na siku hizi kwenye simu. Kila moja ina adui wake. Ukame huua ng'ombe na kuyaacha matofali palepale. Mafuriko hubeba magunia lakini hayagusi salio la simu. Tetemeko la ardhi huangusha nyumba na kumwacha mbuzi akila majani nje. Kwa sababu hiyo, swali la namna maafa ya asili yanavyoathiri uwekaji akiba lina pande mbili: kaya huweka kiasi gani baada ya janga, na huweka katika umbo gani. Upande wa kwanza umeandikwa sana na wachumi, na majibu yake yanapingana. Upande wa pili una majibu yaliyo wazi zaidi, nao ndio unaoamua kama kaya itavuka janga lijalo.

Nadharia ya msingi si ngumu. Mwaka 1957 Milton Friedman alieleza kwamba watu hupanga matumizi yao kwa kutazama pato wanalolitarajia kwa muda mrefu. Mavuno ya mwaka mzuri hayaliwi yote, na mwaka mbaya huzibwa kwa kilichobaki. Christina Paxson alilipima wazo hilo kwa wakulima wa mpunga wa Thailand katika utafiti uliotoka mwaka 1992. Alitumia tofauti za mvua kutenganisha pato la bahati na pato la kawaida, akakuta kwamba sehemu kubwa ya pato lililoletwa na mvua nzuri iliwekwa akiba. Angus Deaton, mwaka 1991, alikuwa ameongeza jambo linalozihusu zaidi kaya maskini: mtu asiyekopesheka hulazimika kujiwekea kinga ndogo, ambayo hujaa na kupungua mwaka hadi mwaka, na mara mojamoja huisha kabisa. Kuisha huko ndiko kwenye hatari. Kinga ya namna hiyo huhimili msimu mmoja mbaya. Misimu mibaya ikifuatana, kaya hubaki mikono mitupu wakati shida ndiyo kwanza inapamba moto.

Janga linapopita, mambo yanayovutana hutokea kwa wakati mmoja. Hofu huongezeka, na mwenye hofu hujinyima leo ili apate cha kushika kesho. Lakini uwezo wa kujinyima nao umepungua, kwa sababu shamba limeharibika, duka limefungwa, na fedha iliyopo inatakiwa kwa bati, dawa na karo. Tena kuna mtazamo wa mtu juu ya kesho yenyewe. Aliyeona mali ya miaka ishirini ikiondoka kwa usiku mmoja anaweza kuamua kuweka zaidi, au akaona kuweka ni kazi bure.

Tafiti za baada ya tsunami ya Desemba 2004 katika Bahari ya Hindi zinaonyesha mvutano huo ulivyo. Nchini Sri Lanka, utafiti wa Michael Callen ulikuta wafanyakazi wa ujira waliokumbwa na wimbi wakiwa na subira zaidi ya wenzao, yaani tayari zaidi kungoja malipo makubwa ya baadaye badala ya kuchukua madogo ya sasa. Nchini Thailand, Alessandra Cassar na wenzake walikuta kinyume: waliokumbwa walikuwa na haraka zaidi, ingawa pia waliamini wenzao zaidi na walikwepa hatari zaidi. Wimbi ni lile lile. Kuhusu kukwepa hatari, Lisa Cameron na Manisha Shah walipata jibu linalofanana huko Indonesia: watu wa vijiji vilivyokumbwa karibuni na mafuriko au tetemeko walikwepa bahati nasibu hata yenye faida nzuri, na waliamini janga jingine li karibu kuliko takwimu zilivyoonyesha. Kukwepa hatari hakumaanishi kuweka akiba zaidi. Mara nyingi humaanisha kuweka penye faida ndogo: kuacha zao lenye bei na kulima mhogo, kuacha kununua mtamba na kubaki na fedha inayoliwa na mfumuko wa bei. Gharama hiyo haihesabiwi kwenye taarifa za maafa, nayo huendelea kulipwa miaka mingi baada ya maji kukauka.

Ukame na mifugo ndipo mahali ambapo suala hili linaonekana kwa kina zaidi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia. Nchini Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Kwa familia ya Marsabit au Wajir, huo ulikuwa upotevu wa akiba kuu, pamoja na faida yake, maana mnyama huzaa na kutoa maziwa wakati shilingi iliyofichwa ndani haizai kitu.

Mtu wa mbali huuliza kwa nini mfugaji hauzi mapema. Jibu liko mnadani. Ukame unapoanza, bei ya ng'ombe bado ni nzuri, lakini hakuna ajuaye kama mvua inayofuata itakosekana. Anayeuza mapema, mvua ikanyesha, amejikata mguu mwenyewe: atamnunua mnyama kama huyo kwa bei ya juu, kwa sababu kila mtu atakuwa anarudisha mifugo. Msimu wa pili ukikosekana, wote huamua kuuza kwa wakati mmoja. Mnunuzi hupita kati ya wanyama bila haraka, hubonyeza nyonga, hushika ngozi iliyolegea shingoni, na hutaja bei ambayo miezi sita kabla ingekuwa matusi. Ng'ombe aliyeinuliwa kwa mkia asubuhi ili asimame hana mnunuzi kabisa. Wakati huohuo mahindi yanapanda. Mathalani, mfugaji aliyezoea kupata gunia kwa mbuzi wawili hutakiwa kutoa wanne au watano. Akiba yake imepungua mara mbili kabla hajala chochote: idadi imepungua, na thamani ya kila kichwa imepungua.

Wachumi huliita hilo pigo la pamoja, kwa kulitofautisha na pigo la kaya moja. Mzee akiugua, jirani hununua mbuzi wake kwa bei ya haki, kwa sababu jirani yuko salama. Ukame ukipiga, jirani naye anauza. Akiba ambayo huporomoka thamani siku ileile inapohitajika ni akiba dhaifu, hata kama miaka ya kawaida inaonekana kuwa bora kuliko zote.

Dhana kwamba mifugo hulinda matumizi ya kaya ilipimwa kwa makini na Marcel Fafchamps, Christopher Udry na Katherine Czukas kwa takwimu za vijiji vya Burkina Faso za 1981 hadi 1985, miaka ya ukame mkali wa Sahel. Walitarajia kuona mauzo makubwa ya ng'ombe. Walikuta kwamba mauzo ya mifugo yalifidia si zaidi ya asilimia 30 ya pato lililopotea, na pengine karibu na asilimia 15. Kaya zilikuwa na mifugo, zikaona njaa, na bado nyingi hazikuuza. Zilipunguza chakula.

Matokeo hayo yaliwalazimu wachumi kufikiri upya. Maelezo yaliyosimama ni kwamba kaya yenye mali kidogo hulinda mali hiyo kuliko inavyolinda tumbo, kwa sababu inajua kwamba ikishuka chini ya idadi fulani haitapanda tena. Kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia, Travis Lybbert na wenzake waliona mstari huo ukiwa karibu na ng'ombe 10 hadi 15 kwa familia. Aliye juu ya hapo anaweza kuhamahama kufuata malisho, na baada ya ukame kundi lake hukua tena. Aliye chini hawezi kumudu safari hiyo. Hubaki karibu na mji na kisima, wanyama wake wachache hukosa malisho, na kidogo kidogo huisha. Kuuza ng'ombe wawili, kwa mwenye 30, ni kutumia akiba. Kwa mwenye 12, ni kuhama kutoka maisha ya ufugaji kwenda maisha ya vibarua na msaada.

Anayelipa gharama ya kulinda ng'ombe mara nyingi ni mtoto. Baada ya ukame wa 1994/95 nchini Zimbabwe, John Hoddinott na Bill Kinsey waliwapima watoto wa vijijini wakakuta kwamba waliokuwa na umri wa miezi 12 hadi 24 wakati wa ukame walipoteza kati ya sentimita 1.5 na 2 za kimo, na hawakuzirudisha. Hoddinott alionyesha baadaye kwamba kaya zenye ng'ombe mmoja au wawili zilikuwa nzito kuuza kuliko zenye zaidi ya hapo. Hesabu ya wazazi ilikuwa na mantiki yake: bila maksai hakuna kulima mwaka ujao. Lakini ni lazima isemwe wazi kwamba kitabu cha akiba cha kaya hiyo kilionekana salama kwa sababu sehemu ya akiba ilitolewa mwilini mwa mtoto. Mpimaji anayehesabu mifugo peke yake ataandika kwamba kaya hiyo ilistahimili.

Mkoani Kagera, Tanzania, takwimu za kaya zilizokusanywa kati ya 1991 na 1994 zilionyesha njia nyingine ya aina hiyo. Kathleen Beegle, Rajeev Dehejia na Roberta Gatti walikuta kwamba mazao yalipopotea kwa wadudu, panya au moto, saa za kazi za watoto ziliongezeka. Katika kaya zenye mali zaidi, ongezeko hilo lilikuwa dogo. Mali, hata isiyouzwa, ilimwondolea mtoto sehemu ya mzigo, kwa kuwa mwenye mali hukopesheka.

Mahari nayo huingia katika hesabu hii, jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Lucia Corno, Nicole Hildebrandt na Alessandra Voena walilinganisha Afrika kusini mwa Sahara, ambako familia ya bwana harusi hutoa mahari, na India, ambako mara nyingi familia ya bibi harusi ndiyo hutoa. Ukame ulipopiga Afrika, ndoa za wasichana wadogo ziliongezeka. Ukame ulipopiga India, zilipungua. Msichana aliyeozwa katika mwaka wa ukame ameozwa ili zizi lijae. Sheria ya umri wa ndoa peke yake haiwezi kuuzima msukumo huo ikiwa kaya haina akiba nyingine ya kuishika.

Baada ya ukame, kinachobadilika kwa yakini ni umbo la akiba. Wafugaji waliorudi na wanyama wachache huanza na mbuzi, kwa sababu mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu, mara nyingi huzaa pacha, na akiuzwa mmoja kundi halitikisiki. Ng'ombe hubeba miezi tisa. Wakishapata mbuzi wa kutosha, hubadilisha kwa mtamba. Wasamburu, waliojulikana kwa ng'ombe, wameongeza ngamia kwa miongo kadhaa, na serikali ya kaunti yao ilianza mpango wa kugawa ngamia mwaka 2015. Ngamia hula majani ya miti ambayo ng'ombe hayafikii, hukaa siku nyingi bila maji, na huendelea kutoa maziwa wakati ng'ombe amekauka. Hukua taratibu na ni ghali kumpata, kwa hiyo kaya inayohamia kwake inakubali faida ndogo kwa mwaka ili ipate usalama zaidi. Wengine hugawa kundi: baadhi kwa shemeji aliye mlimani, baadhi kwa rafiki aliye upande mwingine wa mbuga. Mnyama aliyeazimwa kwa rafiki ni akiba iliyowekwa nje ya eneo la mvua ileile. Wengine wamepeleka mtoto mmoja shule hadi mwisho, wakitegemea kwamba mshahara wa mjini haukauki kwa sababu visima vimekauka. Mark Rosenzweig na Oded Stark waliona mantiki hiyohiyo katika vijiji vya India kusini: familia zilioza mabinti vijiji vya mbali, na zilizofanya hivyo chakula chao hakikutikisika sana mavuno yalipokuwa mabaya.

Mafuriko ni janga la aina nyingine, kwa sababu huja haraka, huondoka, na kwa wakulima wa mabonde huacha tope lenye rutuba. Wakazi wa bonde la Rufiji wamelima kwa kufuata maji kwa vizazi vingi. Mafuriko ya kiasi ni sehemu ya mapato yao. Yale makubwa, kama ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba na vijiji vya Rufiji na Kibiti, hugeuza hesabu hiyo, kwa kuwa hubeba mpunga ulio shambani pamoja na ulio ndani. Nafaka ina faida moja kama akiba: mwaka wa njaa bei yake hupanda, wakati bei ya mnyama hushuka. Udhaifu wake ni unyevu. Gunia lililolala maji siku mbili huota kuvu na halifai kuliwa wala kuuzwa.

Mjini, mafuriko hupiga vitu vya biashara. Desemba 2011 mvua kubwa iliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na sehemu ya waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Katika bonde kama hilo, kaya yenye kipato cha siku hadi siku huweka mtaji wake kwenye friji ya kuuzia juisi, cherehani, magodoro na bidhaa za genge. Maji yakiingia, mtaji na akiba huondoka pamoja, kwa sababu ni kitu kimoja. Kinachofuata huonekana kwa macho. Kizingiti cha mlango hupandishwa kwa tofali mbili, kisha tatu. Kifusi hununuliwa na kumwagwa uani. Kitanda huwekwa juu ya matofali. Televisheni hutundikwa juu kabisa ukutani. Fedha yote hiyo ni akiba iliyogeuzwa kinga, na hairudi. Haizai, haiuziki, na huzuia maji ya mwaka wa kawaida tu. Takwimu zinazosema kaya za mabondeni hazina utamaduni wa kuweka akiba hazijahesabu kifusi.

Mafuriko pia hugeuza akiba kuwa deni. Mwaka 1998 maji yalifunika karibu theluthi mbili ya Bangladesh kwa wiki nyingi. Tafiti zilizofuata zilikuta kwamba njia kuu ya kaya kujinusuru ilikuwa kukopa, kuliko kuuza mali, na deni hilo lilibaki mabegani mwao muda mrefu baada ya mavuno mapya kupatikana. Kaya inayolipa deni inaweka akiba kwa nyuma: kila shilingi inayojinyima inakwenda kufidia chakula kilichokwisha kuliwa. Kwa nje inaonekana haiweki chochote.

Tetemeko la ardhi hupiga akiba inayopendwa kuliko zote Afrika Mashariki, yaani nyumba inayojengwa kidogo kidogo. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Kagera, likaua zaidi ya watu 15, likajeruhi mamia na kubomoa maelfu ya nyumba za Bukoba na wilaya za jirani. Nyumba nyingi kati ya hizo zilikuwa zimejengwa kwa miaka: kahawa ya mwaka mmoja ikatoa msingi, ya mwaka uliofuata ikatoa kuta, fedha ya mtoto aliye Mwanza ikatoa bati. Akiba ya namna hii ina sifa moja kubwa, kwamba haiombwi na ndugu. Mtu mwenye shilingi laki mbili mkononi ataombwa. Mwenye tofali elfu moja haombwi tofali. Lakini mali yote ya kaya imekusanyika mahali pamoja, na ukuta wa matofali ya kuchoma uliofungwa kwa udongo bila nondo hauvumilii mtikisiko.

Japani, nchi iliyozoea matetemeko, inaonyesha upande mwingine. Tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995 liliua zaidi ya watu 6,400. Yasuyuki Sawada na Satoshi Shimizutani walichunguza namna kaya zilivyojinusuru: uharibifu mdogo wa vyombo vya nyumbani ulizibwa kwa akiba, uharibifu wa nyumba ulizibwa kwa mikopo, na walioteseka zaidi ni wale ambao kabla ya tetemeko walikuwa tayari hawakopesheki. Baada ya tsunami ya Machi 2011, makasha ya chuma zaidi ya 5,000 yaliyosombwa kutoka majumbani yaliokotwa, yakiwa na mabilioni ya yeni, na polisi walihangaika kuyarudisha kwa wenyewe au warithi wao. Hata katika nchi yenye benki kila mtaa, wazee wengi walikuwa wamechagua kukaa na fedha yao nyumbani.

Kati ya zizi na benki kuna kikundi. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo wa sanduku vilianza Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, vikaenea hadi Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Tanzania, vikundi vya aina hii, vijulikanavyo kama VICOBA, vimekuwa sehemu ya maisha ya kila mtaa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti; wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba, na mwisho wa mzunguko hugawana. Pembeni huwa kuna mfuko wa jamii, unaochangiwa fedha ndogo na kutolewa kwa msiba, ugonjwa au nyumba kuungua.

Mfuko huo hufanya kazi vizuri sana kwa pigo la kaya moja. Kwa janga la kijiji kizima hauna nguvu. Siku maji yanapoingia kwa wote, wanachama wote wana haki ya kuchukua na hakuna wa kuchangia. Waliokopa hawawezi kurejesha, na kikundi hulazimika kuchagua: kiahirishe marejesho na mgao, au kivunjike. Kinachookoa vikundi vingi wakati huo ni uongozi unaokubali mapema kuandika upya ratiba ya madeni. Kosa la kawaida ni kudai faini za kuchelewa kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanachama dhaifu hujitoa kwa aibu, na kikundi hupoteza hasa wale ambao wangefaidika nacho kuliko wote. Vikundi vyenye wanachama wa kazi tofauti, mwalimu na mvuvi na muuza mboga, huvuka vizuri zaidi kuliko vile ambavyo wote wanalima bonde moja.

Simu imeongeza kitu ambacho sanduku haliwezi: umbali. M-PESA, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilianza Kenya Machi 2007. William Jack na Tavneet Suri, katika utafiti uliotoka mwaka 2014, waliona kwamba pato liliposhuka ghafla, matumizi ya kaya zisizotumia huduma hiyo yalishuka kwa takriban asilimia 7, na ya kaya zinazoitumia hayakushuka. Sababu ilikuwa fedha kutoka kwa ndugu na marafiki wa mbali, ambao mvua yao si ile ile. Zamani fedha hizo zilisafiri kwa kondakta wa basi na zilifika zimechelewa au hazikufika. Akiba ya kaya ya Kitui sasa, kwa maana fulani, imo pia mfukoni mwa binti aliye Mombasa.

Lakini simu haimfikii kila mtu kwa usawa. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lilipiga eneo la Ziwa Kivu, magharibi mwa Rwanda, miaka kadhaa kabla ya huduma za fedha kwa simu kuenea nchini humo. Joshua Blumenstock, Nathan Eagle na Marcel Fafchamps walichunguza kumbukumbu za mtandao wa simu wakaona watu wakituma muda wa maongezi kwa walioko eneo la tetemeko, siku ileile. Waliopokea zaidi walikuwa wenye uwezo na wenye marafiki wengi, hasa wale waliowahi kutuma wao kwanza. Undugu wa simu unafuata kanuni za undugu wa kawaida: anayepewa ni aliyewahi kutoa. Maskini kabisa, asiye na cha kutuma miaka ya heri, hana wa kumdai fadhila mwaka wa shida.

Hapo ndipo msaada wa umma unapoingia, na pamoja nao hoja ya zamani kwamba msaada huwafanya watu waache kujiwekea. Hoja hiyo ina ukweli kwa tajiri anayejenga ufukweni akijua serikali itamlipa. Kwa kaya maskini za ukanda huu haina uzito, kwa sababu msaada huchelewa, haujulikani kama utakuja, na hauwezi kupangiwa. Msaada usiotabirika haubadili tabia ya mtu; humkuta ameshauza. Unaotabirika ndio unaobadili, na mara nyingi kwa njia nzuri. Walengwa wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii nchini Tanzania, wanaopokea ruzuku kwa ratiba, wamehimizwa kuunda vikundi vya kuweka akiba, na wapo wanaoweka sehemu ya kila malipo, jambo ambalo mtu hawezi kulifanya kwa gunia la dharura.

Kaskazini mwa Kenya, mpango wa Hunger Safety Net umelipa fedha taslimu kwa kaya za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, na tangu 2015 umekuwa na kipengele cha kuongeza idadi ya wanaolipwa pale picha za satelaiti zinapoonyesha majani yamepungua kupita kiasi. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit Januari 2010 ilitumia kipimo cha aina hiyohiyo: hakuna mkaguzi wa kuhesabu mizoga, satelaiti hupima ukijani wa malisho na malipo hufuata. Wakati wa ukame wa 2011, Sarah Janzen na Michael Carter waliona matokeo mawili. Kaya zenye mifugo mingi zilizokuwa na bima zilipunguza mpango wa kuuza wanyama. Kaya zenye mifugo michache zilipunguza mpango wa kukata milo. Kila kundi lilitumia bima kukinga kile ambacho bila hiyo lingekitoa sadaka.

Bima hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Satelaiti hupima eneo zima, kwa hiyo mfugaji anaweza kupoteza wanyama mahali ambapo wastani wa eneo ulionekana mzuri, akalipa ada na asipate kitu. Kasoro ya pili ilikuwa ya wakati. Malipo ya 2011 yalifika Oktoba, ukame ulipokuwa unaisha, yakiwa fidia ya wanyama waliokwisha kufa. Mkataba ukaandikwa upya baadaye ili malipo yatoke mapema, malisho yanapoanza kuisha, na fedha hiyo inunue majani makavu, maji na dawa wakati mnyama bado anasimama mwenyewe.